Ukomo wa Juu

Ofisini walimwita Bi Ramani, na jina lenyewe halikutokana na mapenzi. Lilitokana na ramani ya jiji iliyokuwa imetandazwa juu ya meza yake mwaka nenda mwaka rudi, hata wageni wakadhani ni kitambaa cha meza. Wakuu wa idara walikuja na kuondoka, na kila mmoja siku yake ya kwanza aliuliza, "Huu mpango wa matumizi ya ardhi bado tu?" Naye alijibu vile vile, "Bado tu, bosi."

Kilichoukwamisha hakikuwa barabara wala masoko. Kilikuwa msongamano wa makazi. Kila mtaa ulitakiwa uandikiwe nyumba ngapi zijengwe katika hekta moja: ukomo wa chini na ukomo wa juu. Ukilisema hivyo ni jambo dogo. Lakini ziguse namba hizo uone watu wazima wanavyopandishiana sauti. Wenye bustani wanaanza kuona ghorofa zikiwachungulia mpaka bafuni, na wanaobanana chumba kimoja na watoto wanaona wanafungiwa mlango usoni. Bi Ramani alikuwa ameyasikia yote mpaka masikio yameota sugu. Miguu nayo ilikuwa ikimvimba ikifika mchana, na chini ya meza aliweka ndara za kubadilisha.

Mtaa uliompa tabu kuliko yote ulikuwa wa kwao. Alimwendea bosi mapema, akamwambia dada yake mkubwa anaishi pale, katika nyumba ya marehemu baba, hivyo ni afadhali kazi hiyo apewe mwingine.

"Mwingine nani?" bosi akauliza, macho yakiwa kwenye simu. "Wamebaki wangapi humu? Fanya, mama. Kamati ndiyo itakayoamua."

Akafanya. Mpango wa zamani uliruhusu pale nyumba ishirini kwa hekta, na kwenye karatasi zilikuwa ishirini. Alipopita na mpimaji nyumba kwa nyumba, walikuta nyuma ya kila ukuta vyumba vya uani, na nyuma ya vyumba hivyo vibanda vya mabati vyenye pazia badala ya mlango. Watu walikuwa zaidi ya maradufu ya wale wa kwenye karatasi. Maji machafu yalikuwa yakipita mtaroni, maana bomba la majitaka lililazwa kwa ajili ya zile nyumba ishirini. Akapendekeza arobaini hadi themanini, watu wajenge kwa kibali badala ya kujificha, na bomba lipanuliwe litoshe watu waliopo kweli.

Katika nyumba zote za mtaa ule, moja tu hakuingia. Kwa dada yake alimtuma mpimaji peke yake, yeye akabaki barabarani akijifanya anaandika.

Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyemlea. Alimsuka nywele, akamfulia sare, akamwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga kizazi, na jina hilo akaendelea nalo hata Kitinda alipoota mvi. Bi Ramani alizijua hasira za dada yake. Akajisemea atamweleza siku nyingine, akiwa na nguvu. Siku hiyo haikufika. Uliofika ni mkutano wa wananchi.

Ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, mchana wa jua kali, feni moja ikizunguka kama inayolazimishwa. Bi Ramani alieleza, akaonyesha michoro, akaeleza tena. Ulipofika wakati wa maoni, mtu wa kwanza kunyanyuka mstari wa mbele alikuwa dada yake. Alipokea kipaza sauti, akakipuliza.

"Mimi nazungumza na ofisi, sizungumzi na mtu," akaanza. "Mtaa ule tumeujua una hewa. Sasa ofisi inasema nyumba themanini. Themanini! Tulale tumesimama?"

Ukumbi ukacheka, kisha ukapiga makofi.

"Themanini ni ukomo wa juu, mama," Bi Ramani akajibu. Ilimbidi aseme mama, kama anavyowaita wananchi wote wa kike. "Si lazima kila mtu—"

"Hata maji hatuna, mnatuletea majirani! Na huyo aliyeandika, amewahi kuja kutuuliza?"

Makofi yakapigwa tena, safari hii na miguu ikigongwa sakafuni. Bi Ramani akatazama michoro yake ukutani, ambayo gundi ilikuwa ikiiachia kona moja moja. Angeweza kujibu. Majibu alikuwa nayo, ya bomba na ya vibanda. Lakini alimwona dada yake amesimama pale kwa gauni lake la kutokea, akazikunja karatasi zake. Bosi akamwinamia sikioni. "Teremsha namba, twende nyumbani."

Kamati ikaandika ishirini na tano hadi arobaini. Wa bustani walinung'unika kwamba imezidi, wa vibanda hawakuulizwa. Mpango ukapitishwa, ukachapwa kwa rangi, ukawekwa sahihi. Ofisi ilimnunulia Bi Ramani soda. Aliinywa nusu, akarudi mezani, akakaa kuutazama ubao wa meza, mtupu sasa ramani imeondolewa, ambao hakuwahi kujua kuwa una mchirizi wa wino wa kijani.

Wale ndugu wawili hawakupigiana simu miezi mingi. Halafu, asubuhi moja, Bi Ramani alitupa jicho kwenye benchi la wananchi akamwona dada yake kwenye foleni, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kulipia takataka.

"Dada, shikamoo. Kwa nini hukuja nyumbani?"

"Marahaba. Nimekuja ofisini kwa sababu shida yangu ni ya ofisini." Akaja kukaa mbele ya meza, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga. "Kitinda, mwanao amerudi."

Dada alikuwa anamzungumzia kijana wake mwenyewe, yule mkubwa. Kiwanda alichofanyia kazi katika mji mwingine kilikuwa kimefungwa, naye amerejea na mke na mapacha. Wanalala sebuleni. Usiku mtu akitaka maji inabidi aruke vichwa.

"Nataka nipandishe ghorofa uani. Nyumba moja ya kijana, na nyingine ya dada yake akiolewa au asipoolewa. Fundi ameshakuja kuangalia. Nipe kibali."

Bi Ramani hakuhitaji kikokotoo. Kiwanja cha baba kilikuwa sehemu moja ya ishirini ya hekta. Kwa arobaini, hapo zinaingia nyumba mbili, na mbili tayari zipo: ile kubwa, na ile ya uani waliyopangishwa mwalimu mmoja na mkewe.

"Haiwezekani, dada. Zimeshatimia."

"Si wewe unayeandika?"

"Niliandika themanini. Kwa themanini ungejenga zote mbili."

Nje mtu alikuwa anapiga mhuri, pa, pa, pa.

"Hukuniambia," dada akasema hatimaye.

"Ulikuwa umeshika kipaza sauti."

"Kabla ya hapo, Kitinda. Ulifika mpaka kwenye geti langu. Nilikuona dirishani. Ukamtuma mwanamume nisiyemjua anihesabie vyumba."

Bi Ramani alitaka kusema alikuwa amechoka, na ilikuwa kweli, lakini neno hilo alikuwa amelitumia kwa kila mtu kwa miaka mingi, na mbele ya dada yake likaona haya kutoka. Akasema, "Nilikuogopa."

"Nami sikukuuliza," dada akajibu, akavaa miwani.

Waliandika ombi maalumu. Kwa kuwa ni la ndugu, Bi Ramani alilikabidhi kwa mwenzake na hakuligusa tena. Kamati ikalikataa: wakimruhusu mmoja, mtaa mzima utakuja. Mpango utapitiwa upya baada ya miaka mitano, na wakati huo Bi Ramani atakuwa amestaafu.

Kijana akapata nyumba ya kupanga ukingoni mwa jiji, mahali ambapo barabara inaishia ndipo safari inapoanza. Siku ya kuhama Bi Ramani alikuja kusaidia. Alibeba magodoro na masufuria, akawabusu mapacha, na lori lilipokata kona alirudi ndani, akajitupa kwenye kochi lililokuwa peke yake katikati ya sebule.

"Hao watakaopitia upya," dada yake aliuliza kutoka jikoni, "wataitisha mkutano?"

"Lazima."

"Basi nitakwenda."

"Najua utakwenda," Bi Ramani akasema, amefumba macho.

Dada alipokuja na chai alimkuta amelala, kichwa kimeangukia begani, viatu bado miguuni. Akaweka kikombe sakafuni, akapiga magoti polepole, maana naye magoti yalimsumbua, akaanza kumfungua kamba.