Imondo ya Baba na Meli ya Angani

Tangu juzi situlii. Ninafua nguo zilizo safi, chai ninaibandika halafu ninaisahau mekoni. Kisa ni binti yangu. Alinisogezea simu akasema, "Mum, si hii ndio ile sinema ya baridi ulikuwa unatuambia?" Ndiyo yenyewe, rafiki yangu: watu waliojifunika manyoya, na ile meli ya angani, nene na ndefu, ikielea juu ya barafu.

Tuliiona nikiwa msichana mdogo, katika ukumbi wa kanisa karibu na mtaa wa mjini kwetu uitwao West Indies. Makoti yetu yalikuwa yamelowa na jenereta ilinguruma nje. Sinema yenyewe haikuwa na sauti, kwa hiyo mwalimu wetu alisimama kando ya shuka jeupe walilooneshea picha, akitusomea maandishi kwa Kiswahili. Nyanya, ambaye ndiye aliyenilea, alikaa mbele kabisa. Alipouona ule weupe akashika kichwa. "Mayi wee! Mvua ya mawe imemaliza mahindi ya watu!" Ukumbi mzima ulicheka.

Mimi sikucheka. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mahindi. Alikuwa ameondoka Moi's Bridge na mzigo wa kwenda kaskazini, na miezi ilikuwa imepita bila habari. Kwetu, watu wa magharibi ya nchi, kuku akichinjwa firigisi yake, yaani imondo, ni ya mwenye nyumba. Kila alipochinja, Nyanya aliipika kwa ajili ya baba, akaifunika kwa sahani na kuiweka mezani. Kila lori lilipopunguza mwendo barabarani, alisimama. Asubuhi akampa paka, maana sisi wanawake hatukuruhusiwa kuila.

Basi meli ya angani ikaanguka barafuni, wale wanaume wakaanza kutembea, dhoruba ikawafunika, na shuka likabaki tupu. Mwalimu akatuambia kipande cha mwisho kiliharibika zamani. Watu walianza kuinuka, lakini nyanya hakutoka kwenye benchi.

"Mwalimu, hawa watu walirudi ama hawakurudi?"

"Walirudi, Mama."

"Wote?"

Mwalimu alinitazama, kisha akamtazama nyanya. "Wote, Mama."

Tulirudi nyumbani nikimkimbilia nyuma, kwa jinsi alivyokuwa akitembea haraka kwa furaha. Jumapili iliyofuata alichinja jogoo. Aliendelea kumwekea baba imondo hadi mwaka aliofariki, na baba hakuja, wala lori halikuonekana. Nami nikawa na hasira na yule mwalimu miaka yote hiyo. Niliamini alimdanganya mwanamke mzee kwa sababu tu ya huruma, na huruma yake ikamfanya Nyanya asimame kwa kila lori mpaka magoti yakamshinda.

Juzi kwenye simu niliitazama mpaka mwisho, pamoja na kile kipande tulichokikosa. Dhoruba ilitulia. Meli nyingine ikaja, ikateremsha ngazi, na wakapanda mmoja mmoja. Niliwahesabu kwa kidole, nikarudisha nyuma, nikawahesabu tena. Walirudi wote, rafiki yangu. Hata mbwa wao. Nililia kwa uchungu, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Nyanya hayupo wa kuambiwa, mwalimu hayupo wa kuombwa radhi, na ule ukumbi sasa ni duka la simu.

Jioni nilienda kununua kuku. Siku hizi wanauzwa wakiwa wameshakatwakatwa. Nilipogeuza vipande na kukosa nilichotafuta, muuzaji akanicheka.

"Imondo tunatoa, Mama. Hizo tunauza kando, kwa pakiti."

Nilinunua pakiti moja, nikazipika zote. Binti yangu alinyoosha mkono nikampiga kofi vidoleni, naye akashangaa, maana nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kukatazwa chakula. Sasa ziko mezani, zimefunikwa kwa sahani, na kila lori likipunguza mwendo huko nje, ninasimama.