Soksi ya Nahodha Ambayo Terttu Hakuruhusiwa Kuigusa

Saa mbili asubuhi, Jumatatu, chini ya jukwaa la ukumbi wa barafu wa Saukkojärvi, mji mdogo wa nchi ya theluji, mashine mbili za kufulia zinazunguka. Kwa mgeni hilo si neno. Kwa mtu wa hapa ni habari ya kwenda kusimulia kazini, maana juzi Jumamosi timu ya hoki ya mji ilishinda.

Terttu Heikura, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, amekaa kwenye kigoda kando ya mashine. Mkono wake wa kushoto umezama hadi kiwikoni ndani ya soksi ndefu nyeusi, naye anaugeuza taratibu mbele ya taa. Anatafuta mahali ambapo ngozi yake itachungulia.

"Ohoo, hapa hapa," anasema. "Juzi kuna mtu amepita na makali hapa, na mwenye mguu hana habari. Kamuulize, atakwambia alipigwa kikumbo tu."

Anavuta uzi wa rangi ya chungwa, analowesha ncha kwa ulimi na kuuingiza kwenye sindano mara ya kwanza. Uzi huo ulibaki alipomshonea mumewe, Tauno, fulana ya kuwindia paa wakubwa wa misitu ya huku. Ameendelea nao kwa sababu kwenye soksi nyeusi unaonekana mara moja, na wiki ijayo atajua pa kukagua.

Wachezaji wa hoki ya barafu hukimbia wakiwa wamesimama juu ya visu viwili. Mmoja akianguka, visu vyake huelekea popote vinapopenda. Ndiyo maana huvaa ukosi wa kukinga shingo, vikinga vya vifundo vya mikono, na soksi hizi ndefu zilizofumwa kwa nyuzi zisizokatika ovyo. Kazi ya Terttu ni kufua vyote hivyo, kuvikagua na kuvishona.

Si kazi nyepesi. Uzi unaokishinda kiatu cha makali huushinda na mkasi pia. "Mkasi wa marehemu mama yangu uliokata mapazia ya nyumba yetu yote, ulikufia kwenye ukosi mmoja," anasema. "Nilimwomba radhi mama kwa sauti, peke yangu humu ndani."

Hatumii dawa ya kung'arisha, wala haingizi nguo hizi kwenye mashine ya kukaushia, kwa sababu vyote viwili hudhoofisha nyuzi. Huzianika kwenye magongo ya hoki yaliyovunjika ambayo Tauno ameyafunga darini. Kwa yote hayo klabu humlipa yuro mia sita na arobaini kwa mwezi, naye huongezea pensheni yake ndogo ya kiwandani. Jozi mpya ya soksi ni yuro sabini, na hii ni timu ya mafundi, madereva na walimu wanaochangishana mafuta ya basi. Kinachoweza kushonwa, hushonwa.

Kushona amekuzoea. Kwa miaka ishirini na saba alifanya kazi katika kiwanda cha kando ya mto, akishona suruali za wakata miti, zile zenye matabaka ya nyuzi zinazoukaba msumeno wa mashine kabla haujafika mfupani.

"Baba alichechemea tangu nikiwa darasa la pili," anasema. "Msumeno uliteleza. Siku zile suruali ilikuwa suruali tu. Nilipoingia kiwandani nikasema, hapa ndipo pangu."

Kiwanda kilipofungwa, alikuja hapa kufua. Na hapa ndipo alipokutana na sheria ambayo haijaandikwa popote, lakini kila mtu anaifuata: timu ikishinda, hakuna kuosha. Ndevu hazinyolewi, shati la ndani halifuliwi, soksi haibadilishwi, mpaka siku watakapofungwa.

"Kwa hiyo wakishinda sina kazi, na wakifungwa nashinda nafua," Terttu anacheka. "Niambie, mfanyakazi gani tumbo lake linaiombea mabaya timu yake mwenyewe?"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku, ufa ukishakuletea ushindi, ole wake atakayeuziba. Na majira ya kuchipua ya mwaka jana, ufa ulikuwa kwenye soksi ya kushoto ya nahodha, Otso Määttä.

Otso ni fundi wa kuchomelea vyuma, baba wa mtoto mmoja, mtu mwenye mabega ya kujaza mlango. Soksi yake ilichanika nyuma, juu kidogo ya ukingo wa kiatu, pale pale unapopita ukano wa kisigino. Ukano huo ukikatika, mtu hukaa miezi bila kutembea sawasawa, na wengine hawarudi walivyokuwa.

Terttu, ambaye timu nzima humwita Shangazi, anakumbuka mazungumzo yao neno kwa neno.

"Shangazi, nyingine shona utakavyo, lakini hiyo ya kushoto iache ilivyo."

"Ina mdomo mkubwa hivi, Otso. Inanicheka."

"Iache icheke. Ilichanika siku ile tuliyowafunga wale wa mji mkubwa, na tangu hapo hatujafungwa. Ukiigusa tu, tumekwisha."

"Na mguu wako je?"

"Mguu upo, Shangazi. Kombe ndilo halipo."

Na kweli halikuwapo. Timu ya Saukot, yaani fisi maji, ilikuwa haijabeba kombe la wilaya tangu Terttu akiwa bibi harusi. Fainali ilipokaribia, duka la mkate lilikuwa linauza keki zenye sura ya fisi maji, na mchungaji aliwaombea wachezaji kanisani bila kuombwa.

Terttu alikwenda kwa kocha, Ilmo Kilpeläinen. Ilmo anafundisha hesabu sekondari, mtu wa kutaka ushahidi wa kila kitu, lakini suti yake ya mechi ilikuwa haijamwona dobi tangu Februari. "Terttu, nakuheshimu sana," alimwambia. "Ila usiniletee mkosi kwenye fainali. Tafadhali."

Alikwenda kwa Jonna, mke wa Otso. Jonna alimkaribisha kahawa, akafungua jokofu na kumwonyesha sufuria. Kila siku ya mechi alilazimika kupika makaroni ya kuoka, kwa sababu ndiyo waliyokula siku ya ushindi wa kwanza. "Mtoto sasa akiona makaroni analia," Jonna alisema. "Lakini sithubutu, Shangazi. Sitaki kuwa mimi niliyeikosesha timu kombe."

Kwa hiyo Terttu alibaki na soksi yake. Asubuhi ya fainali aliitoa kwenye msumari wa Otso, akafunga mlango kwa ndani.

Alikata kipande kizima kutoka soksi iliyotupwa, akakishonea kwa upande wa ndani, matabaka mawili. Safari hiyo hakutumia uzi wa rangi ya chungwa. Alitumia mweusi, ili usionekane. Wala hakuifua, kwa sababu Otso angegundua kwa kunusa.

"Niliogopa, sikufichi," anasema, na mikono yake inaacha kushona. "Kushona sikuogopa, hiyo ni kazi yangu. Niliogopa wakifungwa nitaishije hapa. Huu mji mdogo, watu wanakumbuka. Halafu nikamkumbuka baba akipanda ngazi zetu, mguu mmoja mmoja. Nikamaliza kushona."

Tangu aanze kazi hapa, Terttu hajawahi kutazama mechi. Huwa kwenye chumba chake cha kufulia, tayari kwa kitakachochanika, akiusikia mchezo kwa miguu ya watu juu ya dari. Jioni hiyo dari ilitikisika mara mbili, ikatulia, ikatikisika tena. Mwisho ukaja ukimya. Anasema ukimya ule, ukishakaa hapa muda mrefu, huna haja ya kumuuliza mtu matokeo.

Alipanda hadi chumba cha wachezaji, akawakuta wanaume wakubwa wameinamisha vichwa, ndevu zimelowa. Angeweza kuokota taulo na kuondoka, na siri ingekufa naye.

"Otso," alisema, "nisamehe. Asubuhi niliigusa soksi."

Wote waliinua vichwa. Golikipa, Sampo, ndiye aliyefungua mdomo kwanza: "Si nilisema? Si nilisema kuna kitu leo? Barafu ilikuwa inanikataa kabisa!"

"Shangazi, kweli?" mwingine akadakia. "Siku zote hizo, ukachagua leo?"

Kocha Ilmo alikaa chini akashika uso. Terttu anasema hajawahi kuhisi upweke wa namna ile, hata siku kiwanda kilipofungwa. "Nilijiona mimi ndiye niliyewaibia," anasema.

Otso alifungua kamba za kiatu kwa hasira, akavua soksi na kuigeuza ili aone alichofanyiwa.

Mchaniko wa zamani ulikuwa wa urefu wa kidole gumba. Sasa ulikuwa umefunguka kutoka upande mmoja wa mguu hadi mwingine. Chini yake, kiraka cha Terttu kilikuwa kimekatwa tabaka la kwanza lote. La pili lilikuwa na mkwaruzo tu, nyuzi chache zimesimama. Juu ya kisigino cha Otso kulikuwa na mstari mwekundu ambao hata damu haukutoa.

"Kuna jamaa aliniangukia kwa nyuma kipindi cha pili," Otso anamweleza mwandishi. "Nilidhani kanichapa gongo. Nikainuka, nikamtukana, nikaendelea kucheza. Kumbe hapo ningekuwa nimelala."

Alipitisha kidole kwenye kiraka, akakirudisha tena. Kisha akalia, mbele ya timu nzima, bila kujificha. Sampo ndiye aliyemletea taulo.

"Kombe halipo, Shangazi," Otso alisema. "Mguu ndio upo."

Usiku ule Otso hakupanda gari. Jonna anasimulia kwamba alimwona akitokea barabarani na begi mgongoni, theluji hadi vifundoni, baada ya kuliacha gari ukumbini. "Nikamuuliza, gari limekufa? Akasema hapana, nilitaka kutembea tu."

Asubuhi yake Terttu alikuta ukuta wa kuni zilizopasuliwa kando ya sauna yake, kibanda cha kuogea kwa mvuke. Baadaye akaja mama yake Otso na sinia la vipai vya wali, vya moto bado. Alisimama mlangoni, akamtazama Terttu, akasema, "Haya," akaondoka. Kwa watu wa huku hiyo ni hotuba, na Terttu anasema aliisikia yote.

Si kila mtu aliyeshukuru. Mzee Reino, anayeuza kahawa ukumbini, bado humwambia kwamba kama si sindano yake, kombe lingekuwa kabatini. Lakini tangu siku ile hajawahi kupokea senti yake ya kahawa.

Mabadiliko yenyewe hayakuja kwa mkutano wala amri. Msimu huu ulipoanza, baada ya ushindi wa kwanza, Otso alishuka hapa chini na begi lake, akamimina kila kitu sakafuni na kusema, "Fua." Wenzake walimtazama kama mtu aliyeingia kanisani na kofia. Wiki iliyofuata walishinda tena. Mmoja akaleta ukosi wake wa shingo, mwingine soksi. Sasa kabla ya mechi huja mmoja mmoja na kunyoosha mguu, naye hupitisha kidole gumba nyuma ya kisigino. Na imani zao hazikufa, zimehamia hapo: asiyepitiwa na kidole cha Shangazi haingii uwanjani. Aliyebaki ni Sampo peke yake. Shati lake la ndani bado halijafuliwa, na mwandishi anaweza kuthibitisha hilo bila kuliona.

"Nawashukuru wao," Terttu anasema. "Watu wanadhani wao ndio wanapaswa kunishukuru. Mimi nilikaribia kustaafu nikijua mkono wangu haukumsaidia baba. Hawa wamenipa miguu mizima nipate kuiona inapita hapo mlangoni."

Saa tano Otso anaingia na koti la kazini linalong'aa. Amekuja kula mkate wake hapa, kama afanyavyo kila Jumatatu. Fainali ni Jumamosi hii, na fisi maji wamo tena.

Terttu anastaafu mwezi wa nne, na mpango wake ameshamweleza kila anayetaka kusikia. Jumamosi hatakaa huku chini. Atakaa jukwaani na Tauno, soseji mkononi, aone mechi moja toka mwanzo hadi mwisho.

"Nimewajua hawa kwa miguu yao," anasema. "Nataka niwaone na nyuso wakicheza."

"Na soksi atashona nani?" Otso anauliza huku akitafuna.

"Wewe. Weka mkate chini, lete mkono."

Anampa sindano na uzi wa rangi ya chungwa. Vidole vilivyozoea vyuma vinahangaika, uzi unapita kulia, unapita kushoto.

"Shangazi, hili tundu limeziba."

"Halijaziba, uzi ndio mkavu. Lowesha."

Mara ya nne unaingia. Otso anainama juu ya soksi yake mwenyewe, ulimi nje kama mtoto wa shule, anashona polepole huku mashine zikizunguka. Anapomaliza anamkabidhi. Terttu anaingiza mkono hadi kiwikoni, anageuza mbele ya taa, kisha anashika mshono kwa vidole viwili na kuuvuta kwa nguvu zake zote.

"Mbaya," anasema. Anavuta tena. "Lakini inashika."