Fundi Aliyehesabu Safari za Breki

Sedekia alikuwa fundi wa mabasi pale Iringa mjini, mbishi kuliko injini asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Kila basi lilipokwenda Mbeya na kurudi, alipiga mstari wa chaki kwenye mlango wa gereji. Mpira unaopeleka mafuta ya breki gurudumuni ukipasuka, alihesabu mistari. Miaka minne, mipira kumi na tisa, na hakuna hata mmoja uliopasuka kabla ya safari ya arobaini. Basi akawa anaibadilisha yote ikifika thelathini na tano.

"Unatupa kitu kizima, wewe!" alilalamika Mansoor, mwenye mabasi. Lakini breki hazikukatika tena njiani, naye akawa ananunua mipira mipya bila kulalamika.

Mwezi wa nne mwaka 1957, dereva Yotamu alikanyaga breki uani, pedeli ikazama hadi chini, basi likaparamia ukuta. Mpira ulikuwa umepasuka, na mistari ilikuwa ishirini na miwili tu. Mafundi wenzake Sedekia walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye hakucheka; alimgeukia Yotamu.

"Umekwenda wapi zaidi ya Mbeya?"

"Hakuna, mzee. Napandishaga tu watu wa sokoni kutoka Ipogolo kule bondeni. Kushuka, kupanda, mara nne, mara tano kwa siku."

"Mbona hukusema?"

"Kwani ile nayo ni safari?"

Kwetu sote safari ilikuwa Mbeya. Mteremko wa Ipogolo, unaokula breki kuliko barabara nzima, hakuna aliyeuhesabu. Na basi la pili, ambalo mimi nilikuwa kondakta wake, lilifanya kazi ileile. Wakati huo lilikuwa stendi, limejaa, linataka kushuka mteremko huo kwenda Mbeya.

Tulimwona Sedekia anakuja mbio, katambuga, viatu vyake vya tairi, mkononi, akasimama mbele ya basi. Abiria walimtukana. Mimi pia nilimtukana, na sijivunii. Akaingia uvunguni na spana yake. Alipotoka alikuwa ameshika mpira uliovimba na kuchanika, mafuta yanachuruzika. Tulikuwa watu thelathini na wanane ndani ya basi lile. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo akashuka Damari, mke wa Sedekia. Asubuhi ile alikuwa amepata habari kwamba mama yake anaumwa huko Mbeya, akapanda basi bila kupita gereji kumwambia mumewe.

"Baba Ikupa, umekimbia hivyo kwa ajili yangu?"

Sedekia alikuwa amekaa vumbini, anahema. "Sikujua kama umo, Mama Ikupa."

Damari akakaa kando yake palepale chini, na gauni lake zuri, akamshika mkono mbele ya watu wote.