Aliyewashusha Watoto Mgongoni

Mtaani Katoyi, mjini Goma, mwanamke akijifungua, Mama Kasoki huitwa hata kabla mtoto hajapewa jina. Si muuguzi. Ni Munande wa Butembo, mke wa Modeste msukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, na mwenye sauti ya kukemea na mikono ya kubembeleza.

Kazi hii ya kuwasaidia mama kunyonyesha na kulea ilimwangukia mwaka 2002, volkano ilipotema moto hadi mjini. Alikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kwa miguu, binti yake Charline akiwa na siku tano tu. Kwa hofu na njaa aliona maziwa yamekauka, akamnywesha mtoto maji ya sukari. Mtoto akaharisha, nusura afe. Bibi aliyewapa hifadhi, Nyiramahirwe, alikimwaga kile kikombe, akamlaza mtoto uchi kifuani pa mama yake. Siku ya tatu maziwa yakarudi. Tangu hapo Kasoki hakunyamaza tena.

Julai 2012 waasi walipoteka Rutshuru, Umutesi alikimbilia Katoyi kwa shangazi yake, Dative. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mtoto wa miezi mitatu, Ndagijimana.

"Maziwa imeisha, mama," alimwambia Kasoki akilia. "Ninamupa maji ya viazi."

"Haijaisha. Maziwa inaitwa na kunyonya. Mupe sasa, mupe tena. Na wewe kula."

Kila adhuhuri Kasoki alimletea sombe ya majani ya muhogo na maharage, akakaa hapo mpaka sahani iwe nyeupe. Juma la pili mtoto alilowesha nguo mara sita kwa siku, dalili kwamba maziwa yanamtosha, na Kasoki akapiga vigelegele kama vya arusini.

Lakini mtoto hakushuka mgongoni. Uani palikuwa na mawe ya volkano yanayochana nyayo. Kasoki akamtuma Modeste kuleta udongo kwa chukudu, akaumwaga juu ya mawe, akatandika mkeka, akamlaza Ndagijimana kifudifudi.

"Mutoto ni wa mugongo!" Dative alifoka.

"Mugongo ni wa safari, mama. Shingo itapata nguvu wapi?"

Mtoto alilia. Kasoki akagonga kifuniko cha sufuria, kichwa kikainuka kumtafuta. Wakarudia kila siku.

Novemba waasi wakaingia Goma. Risasi zilipoanza kulia, Kasoki alikuwa kwa Dative na Umutesi, na wote wakalala chini, nyuso kwenye sementi. Ndagijimana, miezi saba sasa, alipoona kila mtu kifudifudi, alidhani mchezo umeanza. Akavuta goti moja, akavuta la pili, akatambaa hadi kwa Dative na kukivuta kitambaa chake cha kichwa huku akicheka.

Dative akaiacha rozari aliyokuwa akiisali. "Mumuone! Anatembea!"

Kasoki akaziba mdomo kwa kiganja. Kicheko kikapenya vidoleni.

Siku hizi Dative ndiye anayetwanga sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwani, za kutia kwenye uji wa watoto waliofikisha miezi sita. Akiona mtoto amefungwa mgongoni kutwa, humfungua mwenyewe, bila kuomba ruhusa.