Mdomo Wangu Katika Filamu Bubu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpiga Picha Mkuu wa filamu za serikali aliniambia niteke maji Mto Tana kana kwamba hakuna anayenitazama. Niliteka tena na tena, kwa sababu kamera yake ilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani, ikawa inasimama kila mara. Hapo Garissa ndipo nilipoanza uigizaji. Nyinyi vijana mkisikia hivyo mnacheka, mnadhani mwigizaji ni yule wa kwenye simu. Haya, chekeni. Sisi tuliigiza filamu bubu: picha tupu, halafu Mtangazaji anasimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, anaeleza. Ukilia, ulie kwa mabega.

Nilitumwa Bura, nikaigiza mgonjwa anayepewa dawa, kisha muuza maziwa. Kazi niliipenda, wallahi, na nilikuwa hodari. Sioni haya kusema.

Kisha vita vya shifta, wale waasi waliopigana na serikali, vikatufikia kwetu Balambala. Amri ya serikali ikatoka: watu wote waingie vijiji vya ulinzi, ndani ya seng'enge. Ngamia wetu walipigwa risasi na askari hapo hapo kisimani. Mpiga Picha Mkuu, badala ya kunipa pole, akaja na kamera yake. Alitaka kunipiga picha nikibomoa nyumba yangu mwenyewe.

Mnaijua aqal? Ni nyumba ya fito na mikeka, mali ya mwanamke. Mama huisuka mikeka hiyo kwa miaka, akampa bintiye siku ya arusi. Mwanamume hana amri juu yake. Mke ndiye huibomoa, na huibomoa wakati wa kuhamia malisho mapya, si kwa kuelekezewa bunduki.

Nilimwuliza Mpiga Picha Mkuu niseme nini.

"Sema lolote," akajibu. "Hakuna atakayekusikia."

Basi nikasema. Nilifungua mikeka, nikaitazama kamera, nikatoa yaliyokuwa moyoni.

Filamu ilipelekwa Nairobi kuoshwa. Iliporudi ikaonyeshwa mchana katika darasa la shule, mle ndani ya seng'enge, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, maana usiku hatukuruhusiwa kutoka. Mama yangu alikaa mbele. Nikatokea kwenye kitambaa, mdomo wangu ukasogea, na Mtangazaji akatia maneno yake, kwa Kiswahili kisha kwa Kisomali: "Naishukuru serikali. Nimechoka na maisha ya ngamia. Naenda kwa furaha."

Mama akainuka. Akajifunika uso kwa shela, akamwambia jirani, kila mtu akisikia, kwamba yeye hana binti. Akaelekea mlangoni.

Yaani mimi niliyefukuzwa kwangu nalishwa maneno ya shukrani mbele ya mwanamke aliyesuka mikeka ile! Damu ilinichemka, na mpaka leo haijapoa.

Watu hawakutosheka na filamu mara moja, kwa hiyo desturi ilikuwa kuirudisha mwanzo ionyeshwe tena. Ilipoanza upya nilimpokonya Mtangazaji kipaza sauti. Nikasubiri mdomo wangu usogee, nikasema kwa Kisomali yale yale niliyoyasema siku ile: "Nyumba hii alinisukia hooyo, mama yangu. Ngamia wetu mmewaua. Siendi kwa hiari yangu, mnanifukuza."

Maneno yakaukaa mdomo sawasawa, kila mtu akaona. Mpiga Picha Mkuu alizima mashine, akanifuta kazi palepale. Sikumjali. Nilikuwa namtazama mama pale mlangoni. Alikuwa ameshusha shela.

"Hooyo," akaniita, maana mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa jina la umama wake mwenyewe. "Twende nyumbani."

Na nyumba hatukuwa nayo.

Sasa nimezeeka, na maziwa nimeyauza kweli, miaka mingi, si ya kuigiza. Wanasema filamu ile ingali sandukuni huko Nairobi, na wapo wanaotaka kuitia sauti upya. Najua watakachonisemesha. Siku mkiiona, zimeni hiyo sauti yao. Tazameni mdomo wangu.