Tule Wapi Marseille

Mama alilitoa wazo lake garini, tukirudi Louisville kutoka Buffalo, baada ya matanga ya mjomba. Mjomba alikuwa kaka pekee wa mama na dada zake wawili. Alifia kwetu Uvira, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyeweza kwenda kumzika, matanga yalikaliwa kwa mama mkubwa, dada yao wa kwanza, anayefanya kazi kiwandani Tonawanda na ana sebule ya kuingiza watu. Mama mdogo alikuja kutoka Columbus. Walilia pamoja, wakapika pamoja, wakaagana barazani kwenye theluji. Tulipokaribia nyumbani kwetu Shively, mama akasema:

"Unajua sisi batatu tunaonana wakati gani? Wakati mutu amekufa. Minataka mara moja tu tuonane na hakuna mutu amekufa."

"Wapi, mama?"

"Marseille," akajibu upesi, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. Darasani kwa masista, walikosoma wote watatu, kulikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya bandari ya Marseille, na kila mmoja kwa zamu yake aliketi chini ya picha hiyo. Sasa walikuwa na pasipoti. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kupanga.

Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sijapata, na nina kichwa kisichojua kuacha kitu. Mama aliondoka asubuhi kwenda kuwaogesha wazee katika nyumba yao ya kulelewa, mimi nikabaki mezani nikisoma mtandaoni watu wa Marseille wanakula nini. Nikimkuta mtu anasifu mkahawa, nilianza kujiuliza yeye ni nani. Ana miaka mingapi? Magoti yake yanamuuma kama ya mama mkubwa? Kama anasema ngazi "ni chache," ni chache kwa nani? Mmoja aliandika kwamba mgeni asiondoke bila kula supu ya samaki ya pale, mwingine akaandika kwamba wenyeji hawaigusi supu hiyo, ni ya watalii. Nikashindwa kulala vizuri kwa sababu ya supu ambayo sijawahi kuionja.

Mvinyo ulinitesa zaidi. Kila mwenyeji alisisitiza ule mwepesi wenye rangi ya waridi, unywewe baridi, mchana, mbele ya bahari. Mama hunywa kidogo kwenye harusi. Mama mdogo hunywa na hasubiri harusi. Mama mkubwa ni mlokole na anaongoza maombi ya kina mama. Niliwaona tayari wameketi mbele ya chupa moja, wamenuniana, na hapo ndipo safari ingefia.

Niliwaita wote kwenye simu ya video niwasomee mpango. Mama mdogo alikuwa jikoni kwake Clintonville, hukohuko Columbus, anasuka nywele za jirani. Mama mkubwa alikuwa bado na viatu vya kiwandani.

"Siku ya kwanza asubuhi," nikaanza, "tutakwenda bandarini kuona wavuvi wakiuza samaki. Saa sita tutakula..."

"Bon, mutoto wangu, umesema saa sita," mama mdogo akanikatiza. "Na kama njaa inakuja saa tano, tunaiambia nini?"

"Tunaiambia ingojee," mama mkubwa akasema. "Mutoto amesoma chuo kikuu ju ya njaa yetu."

Wakacheka mpaka jirani aliyekuwa anasukwa akacheka naye, bila kujua anachochekea.

"Lakini hao batu wote unasoma, unabajua?" mama mdogo akauliza. "Donc unauliza wazungu tule nini, na batu ba kwetu beko pale? Ngoja."

Kabla sijasema neno, alikuwa ameshatuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha watu wa Uvira walioko nje. Niliusikiliza baadaye, peke yangu. Aliwasalimu wote kwa jina la Yesu, akasema dada watatu wanapita Marseille, na akauliza kwa sauti tamu: "Sasa, bapendwa, tutakula wapi?"

Mtu wa nje angesikia swali la mikahawa. Kwetu, mgeni akiuliza atakula wapi, amekuambia kwamba anakuja na hajui nani atampokea, na ukikaa kimya aibu ni yako. Jioni hiyo hiyo majibu yakamiminika. Mama mmoja wa Marseille, tusiyemjua ila kwa jina la ukoo wake, akajibu kana kwamba amekasirika: "Mutakula wapi namna gani? Mutakula kwangu!" Akafuata mwanamume aliyesema Jumapili ni yake. Kikafuata kikundi cha waimbaji.

Kisha yule mama akatuma ujumbe mwingine, wa taratibu. Alisema habari za mjomba ziliwafikia, hawakuweza kuja Buffalo, na bado wana pole yetu mikononi.

Nilimwangalia mama. Alikuwa ameshika sahani aliyokuwa anaiosha na maji yalikuwa yanaendelea kutoka. Mtu asiyefika kwenye matanga yako, siku atakapokuona mara ya kwanza ni lazima akupe pole, hata kama mwaka umepita, na wewe ni lazima ukae chini uipokee. Huwezi kumwambia asubiri, uko likizo.

"Si kitu," mama akasema, na akafunga maji. "Ni batu bazuri."

Lakini ilikuwa kitu, na mimi niliyejua alichoniomba garini nilizunguka nacho kwa wiki nyingi. Niliandika ujumbe wa kukataa kwa adabu, nikaufuta. Nikaandika wa kusema tutafika wiki nyingine, nikaufuta huo pia, kwa sababu ni uongo na kwa sababu Kifaransa changu cha kujifunzia kwenye simu kingewachekesha.

Tulikutana Columbus, ambako ni kama katikati yetu sote, ili tusafiri pamoja. Sebule ya mama mdogo ilijaa masanduku yaliyofunguka. Nilidhani tunapakia nguo. Tulikuwa tunapakia vitenge vya kumpa mwenyeji, losheni za mwenyeji, viatu vya watoto wa mwenyeji.

"Na nguo zenu za kuogelea?" nikauliza.

"Kuogelea!" mama mkubwa akashangaa. "Mwili huu? Bahari itahama."

Marseille ilitupokea kwa upepo mkali na jua. Nilikuwa na hofu ya kila kitu, lakini siku mbili za kwanza zilikuwa zetu peke yetu, na zilikuwa nzuri kiasi kwamba sikuziamini. Bandarini, wanawake waliokuwa wanauza samaki walipiga kelele kama wa soko la Uvira, na mama mkubwa akashika samaki mmoja mmoja, akiwafungua mashavu kuona wekundu, mpaka muuzaji akamuuliza kwa Kifaransa kama anataka kuwanunua au kuwatibu. Mama akanitafsiria huku anajishika mbavu. Ukiniuliza leo tule wapi Marseille, nitakuambia uanzie palepale, umesimama, na vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, wanaviita panisi, ndani ya karatasi inayolowa mafuta. Vitiwe chumvi nyingi. Uvile vikiwa vya moto mpaka uvihamishe mdomoni kutoka shavu hadi shavu.

Nitakuambia pia upande basi linalofuata bahari, ukae upande wa dirisha la kulia ukienda. Na upande kilima chenye kanisa la mama wa mabaharia, lakini kwa basi, usimsikilize yeyote anayesema ngazi ni chache. Juu kule meli ndogo za mbao zimening'inia darini, zimetolewa na watu waliookoka majini. Mama mkubwa, ambaye si Mkatoliki tena, alizitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hawa bote balirudi," akatoka nje kujifuta macho, akasema ni upepo.

Mvinyo ulikuja siku ya pili, mchana, kwenye meza ya nje. Mhudumu alileta glasi mbili zenye barafu, ya mama na ya mama mdogo. Mama mkubwa akanusa ya mdogo wake.

"Ni juisi, Yaya," mama mdogo akasema, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa, macho juu.

"Minafanya kiwandani. Minajua harufu ya kitu kimechacha." Akairudisha polepole. "Yesu aligeuza maji kuwa divai, sawa. Lakini barafu nani aliweka?"

Akaagiza limau yake na hilo likaisha. Wiki zote zile nilikuwa nimeziteketeza bure.

Jioni ya tatu ilikuwa ya yule mama. Aliishi upande wa kaskazini wa mji, juu kabisa katika jengo refu, na kutoka mlangoni harufu ya sombe, kisamvu chetu, na samaki wa kukausha ilitushika mkono. Kisha nikaona viti. Vilikuwa vimepangwa vikizunguka kuta, vyote vinaangalia katikati, kama vinavyopangwa kwenye matanga. Wanawake walikuwa wamefunga vitambaa kichwani. Kwenye meza ndogo palikuwa na picha ya mjomba, iliyochapishwa kutoka kwenye simu ya mtu, imekuwa kubwa mno hadi uso umetawanyika.

Nilimsikia mama akivuta pumzi pembeni yangu. Waliwakalisha watatu wale pamoja, mimi nyuma yao. Wimbo ukaanza, ule ule wa Buffalo, na mabega ya mama yakashuka. Yule mama mwenyeji akapiga magoti mbele ya mama mkubwa, akamshika mikono, akalia kilio cha kweli. Aliwahi kuuza vitunguu mbele ya duka la mjomba, alisema, na mvua ikinyesha mjomba alikuwa anamwingizia vikapu vyake ndani kabla ya mali yake mwenyewe.

Mama mkubwa alimwachia alie. Alimpangusa uso kwa kitambaa chake. Kisha akasimama, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa ukoo uliobaki, wimbo ukanyamaza.

"Aksanti," akasema. "Pole yenu tumeipokea, tena imetufikia hapa," akajigusa kifua. "Kaka yetu tumemulia Buffalo, tumemulia Louisville, tumemulia Columbus. Leo mumemulia Marseille. Sasa nasema, mimi mukubwa: matanga imeisha. Sisi tumekuja kutembea." Akageuka kwa mwenyeji. "Bon. Unaishi hapa miaka mingi. Mugeni mwenye unapenda, unamupeleka wapi, fasi gani?"

Yule mama aliwaangalia wenzake. Mtu akataja uwanja wa mpira. Mwingine akataja soko la Noailles, kwa unga wa mihogo na sombe iliyotwangwa tayari.

"Hapana, sombe tunaiona hapa," mama mkubwa akasema. "Fasi ya kufurahi."

"Visiwa," akasema mwanamume mmoja, "vile vya mbele ya bandari. Mashua inakwenda."

"Wewe ulikwenda?"

"Mimi? Nilikwenda wapi! Minaviona tu kwa dirisha ya oteli tunasafisha."

Hapo chumba kikapasuka kwa kicheko. Ikaonekana hakuna aliyewahi kupanda mashua ile. Mwenyeji wetu hakuwa ameingiza mguu baharini tangu afike. Wakaanza kubishana pwani ipi ina mchanga na ipi ina mawe, kila mmoja akiitetea ile iliyo karibu na kazi yake, na katika kubishana viti vikasogea, vikavunja duara, mtu akahamisha picha ya mjomba kuipisha sufuria ya fufu, ugali wetu wa mihogo. Mama alikuwa anakula. Nilimhesabia matonge bila kutaka, kama ninavyofanya nikiwa na wasiwasi, kisha nikaacha.

Siku iliyofuata tulikwenda pwani, wote, na masufuria yamefungwa kwa vitenge. Wazungu walilala juani wakitutazama tukipita kama harusi. Wenyeji wetu wakatandika mkeka, wakakataa mama asiguse mwiko. Ndugu watatu wakabaki hawana kazi. Walisimama wakaangaliana, halafu mama akavua viatu, na wale wawili wakamfuata, vitenge vimeinuliwa magotini, mpaka mawimbi yakawafikia vigimbi. Mama mdogo akapiga yowe la baridi.

Simu ya mama mkubwa ikalia. Ilikuwa saa sita mchana, yaani Buffalo kunapambazuka. Niliona wote watatu wakikauka majini. Kwetu simu ya alfajiri ina habari moja tu. Mama alimshika mdogo wake kiwiko. Mama mkubwa aliitoa simu kifuani, akauliza kwa Kiingereza chake cha kiwandani, kwa sauti kubwa, bila salamu: nani amekufa?

Tulingoja. Uso wake ukabadilika polepole.

"Hapana," akasema simuni. "Jumamosi siwezi. Niko na wadogo zangu." Akasikiliza. "Ndiyo, bote bazima."

Akakata. "Ni musimamizi wangu," akatuambia. "Anauliza kama nitaingia zamu ya Jumamosi. Sasa anafikiri minamutakia kifo."

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi ndani ya maji, kitenge na vyote, na dada zake, walipojaribu kumwinua, wakaketi naye.