Kikohozi cha Kitanda Kimoja

Kwa mama mkwe wangu, kikohozi cha mtoto kisichoisha kilikuwa na dawa moja: kukata kimeo. Alitaka mwanangu wa miaka mitatu apelekwe Heru Juu, kwa mzee mmoja anayekata hicho kinyama cha kooni. Nikakataa. Mimi na mwanangu tunaishi na VVU, tunameza dawa za kufubaza virusi kila siku, na hofu yangu ilikuwa moja tu: kwamba dawa zimeshindwa na mtoto ananifia mikononi. Alikuwa amekohoa wiki kadhaa, na hata uji haukupita.

Mama mkwe alinuna. Hata hivyo asubuhi alipanda bodaboda nasi hadi hospitali, Kasulu mjini. Nadhani alitaka kuniona nikiumbuka.

Daktari aliagiza picha ya kifua, na choo cha mtoto kipimwe, kwa kuwa wadogo humeza makohozi badala ya kuyatema. Kilikuwa kifua kikuu. Nikalia palepale mbele za watu. Daktari akanieleza kwamba virusi vya mtoto bado vimefubaa, ila mwili wenye VVU huangushwa upesi na kifua kikuu, hasa wa mtoto, na kwamba ugonjwa huo unapona. Kisha akauliza nani mwingine anakohoa nyumbani.

Kwetu mtoto akiachishwa ziwa huhamia kitanda cha bibi. Nikamtazama mama mkwe.

"Kimeo changu kilikatwa zamani," alisema taratibu. "Lakini nakohoa."

Akapimwa, naye akakutwa nacho. Wakaanza dawa siku ileile, nami nikamhamishia mtoto kwangu. Alimlilia bibi yake kuliko alivyowahi kulilia ziwa. Dawa zake ziliyeyushwa kwenye maji, akazinywa huku akilamba midomo. Baada ya muda akaanza kuiba maharage sufuriani, nikamwacha aibe. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu jikoni.

Matibabu yalipokwisha, wote wawili waliambiwa wamepona. Jioni hiyo mama mkwe, ambaye hajawahi kumwomba mkamwana ruhusa ya kitu chochote, alisimama mlangoni kwangu.

"Mwanangu," akasema, "naomba mtoto alale na mimi."

Nilimshika mtoto mkono, nikampeleka mwenyewe.